Maji Moto ya Mheshimiwa

La Paz, 21 Februari 1994

Dada Tomasa mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako Nilda, na za watoto, ambao humkumbuka shangazi yao kila wakila viazi vya mjini visivyo na ladha. Kanivali imepita, lakini mpaka leo natoa vipande vya karatasi za rangi masikioni. Nilda anasumbuliwa na nyongo. Daktari kamkataza nyama ya nguruwe, naye anaitii amri hiyo siku za Ijumaa. Mimi mzima. Kiwandani kwetu mashine zinachapa kama kawaida, hakuna jipya la kukuandikia.

Sasa kuna jambo dogo. Usikunje uso, nakujua.

Unamkumbuka Arzabe, yule mrefu niliyekuwa naye jeshini, aliyekuja kumzika baba akalia kuliko sisi wafiwa? Sasa ni Mheshimiwa. Mbunge kamili, mwenye gari la vioo vyeusi, na katibu ambaye naye ana katibu wake. Hajanisahau. Tunakunywa chai pamoja mara kwa mara, na juzi kaniambia siri: anajenga hoteli ya maji moto huko huko kwetu Vilacollo, pale kwenye chemchemi nyuma ya kilima. Watalii watatoka Ujerumani kuja kuoga. Anatafuta wabia wachache, watu wazito, si kila mpita njia. Nikamwambia, Mheshimiwa, mtu mzito mimi namjua mmoja tu, naye ni komadre wa dada yangu, aliyembatizia mtoto: Doña Herminia Tarqui, mwenye maghala ya bia.

Wala sikuambii umbembeleze. Mtajie tu, mkiwa mnamenya viazi. Mwambie kuna bahati inapita barabarani inauliza nyumba yake. Fanya haraka, maana Mheshimiwa anasema wapo wakubwa wengine wanaimezea mate nafasi hiyo.

Barua nimempa Casimiro, dereva wa basi. Kwenye simu sitaki. Yule binti wa ofisi ya simu ya huko husikiliza mazungumzo ya watu mpaka anacheka.

Mdogo wako,
Rigoberto


Vilacollo, 13 Machi 1994

Rigo mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka, Casimiro aliiweka chini ya kapu la samaki wa ziwani. Tumeisoma hivyo hivyo, mimi na mwanangu Lidia, tumeziba pua. Huku baridi imewahi mwaka huu. Kwinoa ya mlimani imeungua yote, ya bondeni imenusurika. Kondoo mweusi kazaa mapacha. Mzee Zenobio amefariki, tumemzika vizuri, ingawa nusu ya bendi walikuwa wamelewa, wakawa wanapokezana kusimama. Mwambie wifi aache ubishi na nguruwe.

Komadre Herminia hajambo ila hana raha. Mwaka huu yeye ndiye preste, mwenye kuigharimia sikukuu ya mtakatifu wetu Tata Santiago, na unavyomjua, hafanyi jambo kwa kijiko. Bendi mbili, bia malori kwa malori, fataki za kumwamsha marehemu Zenobio. Shida yake ni mrithi. Julai sikukuu ikiisha lazima amkabidhi mtu mzigo wa mwakani, na kila mwanamume mwenye uwezo akimwona anavuka barabara. Nani atathubutu kufuata baada ya bendi mbili? Don Eleuterio wa matofali, mtu wa kuanguka kilabuni kila Jumamosi, ghafla kawa mlokole. Asipopatikana mtu, macho yote yatanigeukia mimi niliye komadre wake, na mali yangu ni kondoo na cherehani.

Hilo la hoteli nimelisoma. Chemchemi ya nyuma ya kilima naijua, nafulia pale. Maji yake ni vuguvugu. Mama alikuwa akituogesha pale tukitetemeka, umesahau? Mjerumani akioga hapo Julai atarudishwa kwao ndani ya sanduku.

Nikuulize, Rigo, wewe unapata nini?

Na nikwambie jingine, ulisikie vizuri. Mume wangu Teófilo alipofariki, ndugu zake walikuja kugawana nyumba hii nikiwa ndani. Aliyetoa kiti akakiweka mlangoni na kukikalia mpaka wakaondoka alikuwa Herminia. Wabunge akiondoka huyu huja mwingine. Komadre nina mmoja, na nikimtia hasarani simpati tena.

Hakuna mahali nilipoandika kuwa nimemtajia. Usije ukasoma hivyo.

Dada yako,
Tomasa


La Paz, 9 Aprili 1994

Dada mpendwa,

Tumshukuru Mungu kwa Pasaka. Nilda alikula nguruwe, tukalala hospitali. Sasa yuko nyumbani, mwembamba, mkali. Watoto wazima, mkubwa anakula kama jeshi.

Umeniuliza habari za kazini? Nimerudia barua yako, kumbe hukuuliza. Basi kazini salama.

Ndani ya bahasha hii utakuta mchoro wa hoteli. Mheshimiwa kauchoresha kwa mtu aliyesomea. Angalia hilo bwawa. Angalia hao watu wenye miwani ya jua. Hiyo minazi utasema haioti huko juu kwenye baridi, na mimi nilisema hivyo hivyo, lakini Mheshimiwa anasema italetwa ikiwa imeshakua. Na maji yatapashwa kidogo kwa mtambo. Hayo ni mambo ya wataalamu, tusiwaingilie.

Unaniuliza napata nini. Sipati kitu, ni urafiki tu. Lakini mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo Mheshimiwa akiniambia, "Rigoberto, hoteli hii itahitaji meneja mzaliwa wa pale," mimi nitakuwa nani wa kumkatalia? Nilda keshanishonea suti. Ya kijivu.

Kiti cha mlangoni nakijua, dada, na mimi nilimshukuru Doña Herminia siku ile. Ndiyo maana nataka atajirike zaidi. Umemtajia? Niandikie neno moja tu, ndiyo au bado.

Mdogo wako,
Rigoberto


Vilacollo, 22 Mei 1994

Rigo,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kukata manyoya, kisha mkono ukavimba, kisha sikutaka. Mapacha wa kondoo mweusi wanakua, mmoja ni jeuri, tumemwita kwa jina lako. Mchoro nimemwonyesha Lidia. Kauliza minazi itavaa nini usiku.

Nimekaa na Herminia jikoni. Tumemzungumzia rafiki yako kwa kirefu mpaka maji ya viazi yakakauka. Kafurahi, sijapata kumwona na furaha hivyo tangu lori lake la kwanza. Kaniuliza, "Komadre, ni mtu wa kusimamia neno lake?" Nikamwambia ni mbunge. Kaokota kiazi kingine, kasema haidhuru.

Lakini komadre kasema huku mtu hajulikani kwa karatasi. Anajulikana akicheza na akinywa mbele za watu. Mheshimiwa aje kwenye sikukuu ya Tata Santiago, tarehe ishirini na tano Julai, aje kwa moyo, na aje na mpiga picha. Mengine yatakwenda yenyewe.

Mimi nimefanya uliyoniomba kwa namna ninavyoweza. Usiniulize zaidi ya hapo.

Dada yako,
Tomasa


La Paz, 19 Juni 1994

Dada yangu, mboni ya jicho langu,

Anakuja! Nilimsomea barua yako, yaani ile sehemu nzuri, akasimama akanikumbatia mbele ya makatibu wote wawili. Amenunua poncho, vazi letu la sufu. Ameuliza ngoma ya morenada huchezwaje, nikamwonyesha palepale kwenye zulia, na katibu wa katibu akapiga makofi. Anasema kura za Vilacollo hajapata kuzipata, kwa hiyo atakuwa anaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Tafadhali msimpe supu ya kichwa cha kondoo, tumbo lake limezoea mjini. Na mwambie Doña Herminia aje na kalamu.

Mimi sitaweza kufika. Kazi imenibana mno, hata kupumua sipumui. Nilda anapumua kwa niaba yangu na anakusalimu.

Meneja mtarajiwa (nakutania tu),
Rigoberto


Vilacollo, 31 Julai 1994

Rigo mdogo wangu,

Nakuandika miguu ikiwa kwenye beseni, imevimba kwa kucheza. Salamu kwa wifi na watoto. Lidia kapoteza kiatu kimoja na kapata mchumba mmoja, mpiga tuba. Nitakuandikia nikishamchunguza. Kondoo wote wazima isipokuwa wale tuliowala.

Mheshimiwa wako alifika misa ikitoka, na gari lake jeusi, dereva, mpiga picha, na poncho yenye karatasi ya bei mgongoni. Chini ya poncho suti nyembamba. Baridi ya Julai unaijua. Alikuwa anagonga meno kabla hajasema neno. Tukampa kikombe cha pombe ya moto, kikafuata cha pili, rangi ikamrudia.

Akamwendea Herminia kakumbatia bomba la michoro. Komadre alikuwa kavaa hereni za dhahabu za bibi yake, kofia imekaa upande, kila mtu anamtazama.

"Mama Herminia, nimeleta karatasi zetu hizi hapa..."

"Karatasi kesho, baba. Leo ni ya Tata Santiago. Umekuja kwa moyo?"

"Kwa moyo wote, mama!"

"Maana wengine huja wakakimbia."

"Mimi? Mimi ni mtoto wa mkulima! Nimekulia kwenye sikukuu hizi!"

Komadre akafuta machozi kwa ncha ya shali. Kweli, Rigo, alilia. Akachukua shada la mikate akamvika shingoni. Akamvika la pili, la matunda. Kisha akamtoa Tata Santiago, sanamu yenyewe, kwenye meza yake, farasi na upanga na vyote, akamnyooshea. Ukimya ukaingia uwanjani mpaka ukasikia mbwa akijikuna. Sisi wote tunajua, kuanzia bibi kikongwe hadi mtoto wa kunyonya, kwamba mwenye kumpokea mtakatifu siku ile kwa mikono miwili ndiye preste wa mwakani. Bendi ni yake, bia ni yake, fataki ni zake. Mtoto wa mkulima aliyekulia kwenye sikukuu hizi hawezi kusema hakujua.

Akampokea kwa mikono miwili. Akambusu. Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, inua kidogo, jua linakaa vizuri." Akainua juu ya kichwa. Bendi zote mbili zikapasuka kwa pamoja, kila moja na wimbo wake. Watu wakamwagia karatasi za rangi mpaka akawa haonekani. Alizunguka uwanja akicheza na mtakatifu mkononi, na lazima niseme anacheza vizuri, ulimfundisha.

Kisha akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu wa Vilacollo! Mzigo huu naupokea! Mwakani mtaona mambo makubwa ambayo hamjapata kuyaona!" Nadhani husema hivyo kila aendako, ila safari hii alikuwa kabeba mtakatifu. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Don Eleuterio akatoka mafichoni, akaacha ulokole palepale, akawa wa kwanza kumkumbatia. Wazee wakapanga foleni kuahidi: mmoja ng'ombe, mwingine kreti za bia, wa tatu wanawe wabebe fataki. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, kwa hiyo kila aliyeahidi alitaja na sikukuu yake ambayo Mheshimiwa atakuja kuirudishia.

Jioni kanivuta pembeni. "Dada, mbona wananiuliza bendi yangu inatoka wapi?"

Nikamweleza. Akakaa. Akakalia michoro.

"Naweza kukataa?"

"Unaweza, Mheshimiwa. Hakuna sheria. Ila Tata Santiago ndiye mwenye radi."

Akatazama juu, akaomba kikombe kingine. Supu ya kichwa tulimpa, akamaliza mbili.

Kuhusu hoteli, Herminia kasema amalize sikukuu kwanza, ndipo atafungua hilo bomba aone lina nini.

Sasa, Rigo. Dereva wake nilimlisha mwenyewe. Kijana msemaji. Kaniambia, "Ndugu yako anawahi ofisini kwa Mheshimiwa kuliko sisi wenye mshahara. Anakaa kwenye benchi mpaka tunafunga." Nikamuuliza, na kazi yake ya kuchapa vitabu? Akanitazama kwa huruma. Sikupenda ile huruma.

Uko kazi gani, mdogo wangu?

Tomasa


La Paz, 20 Agosti 1994

Dada Tomasa,

Salamu. Nilda mzima. Watoto wazima.

Umenimaliza. Mheshimiwa alirudi hapa kama mtu aliyetoka msibani. Wiki ya kwanza hakuniita. Ya pili katibu wa katibu kaniambia benchi linapakwa rangi, nisikae. Nilisubiri nimesimama. Siku ya tatu katoka mwenyewe, kanifokea ukumbini, "Dada yako kanifunga kengele shingoni!" Watu wanasikia. Mimi na suti yangu ya kijivu.

Alitaka kuandika barua ya udhuru, kwamba majukumu ya kitaifa yamemzidi. Usiku wa siku ile radi ikapiga antena ya nyumba yake. Agosti, dada! Mbingu kavu! Mkewe, ambaye mama yake ni mtu wa huko kwenu, kapiga magoti chumbani akasema utafanya sikukuu hii au utalala peke yako. Kwa hiyo anafanya. Michoro ya hoteli kaipeleka stoo. Sasa anazunguka kwa wabunge wenzake akiwaomba, huyu awe baba wa fataki, yule baba wa bia, na wakimwona naye wanavuka barabara. Mlango wa ofisi ukifungwa, makatibu wanasikia miguu inajifunza morenada.

Umeniuliza kazi. Kiwanda kilifungwa Novemba. Mwenye mashine kaziuza, katuambia kwaherini. Niliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi na tai yangu, nikaenda kukaa kwa Arzabe, kwa sababu mtu anayekaa kwenye benchi la mbunge bado ni mtu. Nilidhani Nilda hajui. Jana kaniambia amejua tangu Desemba, viatu vyangu havikuwa tena na wino. Suti alinishonea ili nisipate baridi pale nilipokaa. Nililia, dada, sina haja ya kukuficha na hilo.

Ile hoteli ilikuwa tumaini langu. Najua maji ni vuguvugu. Nilituma mchoro ule nikijua.

Sasa na wewe niambie kweli. Siku ile jikoni ulimwambia nini Doña Herminia?

Rigoberto


Vilacollo, 4 Septemba 1994

Rigo wangu,

Lidia anakusalimu, na mpiga tuba wake, ambaye ninaendelea kumchunguza. Tumeanza kuchagua mbegu.

Umeuliza, nakujibu. Habari za hoteli sikumwambia Herminia hata neno moja. Mpaka juzi alidhani lile bomba lilikuwa na picha za watakatifu. Siku ile jikoni alikuwa analia kwamba hana wa kumkabidhi Tata Santiago, nami nina barua yako kwenye aproni. Nikamwambia, komadre, mdogo wangu ana rafiki mkubwa La Paz, anatamani sana kuwa preste wa Vilacollo, ila ana haya, itabidi umsukume. Ndiyo yote. Ulinituma nipeleke habari za rafiki yako kwa tajiri, nikazipeleka. Nilizikata tu mahali palipotaka kumuumiza.

Mheshimiwa wala asinung'unike. Watu hapa wanamsifu mpaka inachosha. Mwakani atazipata kura zake zote, na atakuwa amezitolea jasho kwanza.

Ila wewe nimekukasirikia. Tangu Novemba! Uliniandikia kazini salama, na mimi nikakuchekesha na habari za kondoo. Umenificha njaa yako ukanionyesha minazi. Ungeniandikia mstari mmoja tu, dada nimeachishwa kazi, ningekuja na basi la kesho yake nikakutoa kwenye benchi hilo kwa sikio. Nililia kwa hasira nilipoisoma barua yako, na Herminia akanikuta nalia, nikamweleza yote, na hoteli pia.

Hakukasirika. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza watoto wa Rigo wanakula nini, nikasema sijui, akaacha kucheka.

Sasa sikiliza. Mheshimiwa hajui bendi hukodiwa wapi, wala padre hulipwa nini, wala nani asikalishwe karibu na nani. Anahitaji mtu wa kumshika mkono mwaka mzima, na wazee wamesema aliyetuletea preste, yaani wewe, ndiye atakayemwongoza, na atakula kila nyumba atakayoingia. Herminia naye karani wa ghala lake kaolewa Potosí, nafasi iko wazi. Chumba cha mama nimekifagia. Paa linavuja upande mmoja, mtalala upande mwingine.

Nilikuwa na komadre mmoja na mdogo mmoja. Sikutaka kupoteza yeyote, ndiyo maana nikamtoa kafara mbunge.

Njoo na Nilda na watoto wote kabla hatujapanda. Barua hii usiijibu. Panda basi.

Dada yako,
Tomasa